Bukuru, Butoyi na Toleo 2.4

Vijana wa ofisini waliponiomba niwaandikie mambo ya kazi, nadhani walitegemea niwaeleze jinsi kompyuta zilivyokuwa kubwa kama kabati enzi zetu. Poleni. Mimi kompyuta nimekutana nayo nikiwa mtu mzima mwenye miwani, baada ya maisha marefu ya taipureta, na ilikuwa ndogo kuliko hiyo taipureta niliyoiacha. Nimestaafu mwaka huu wa 2015, magoti yananiuma, na nina muda. Nitawaeleza jambo moja tu, kwa kuwa ndilo nililoshughulika nalo tangu 2012 na ndilo naona mnalidharau: lebo za matoleo.

Kwa atakayesoma hapa bila kutujua, shirika letu lilikuwa na zahanati ndogo ndogo zilizotawanyika kutoka upande wa Muyama hadi juu kabisa, njia ya Gwarama. Kila zahanati ilikuwa na kompyuta moja, na ndani yake programu ya kuhesabia dawa tuliyoiita Stoo. Walioitengeneza Stoo walikaa Dar es Salaam. Sisi tulikuwa Kasulu, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya rangi na saruji tuliipata bure. Kazi yangu ilikuwa kutunza orodha ya hitilafu. Muuguzi akipiga simu kwamba Stoo imegoma, nafungua tiketi kwenye kompyuta: kimetokea nini, zahanati gani, toleo gani la programu. Dar wanatengeneza, wanaandika imetengenezwa katika toleo gani, tiketi inafungwa. Ukiisimulia inaonekana kazi ya mtu mvivu, na wapo walioniambia hivyo.

Siku ya kwanza nilikalishwa kando ya Bwana Hamadi, mtu wa Tanga aliyemfuata mjomba wake mwenye hilo duka, akaoa Kasulu, akabaki. Alikuwa mpole kupita kiasi na hakuwahi kunywa chai bila kuipuliza, hata ikiwa imepoa. Alinifungulia orodha akanionyesha sehemu ya matoleo. Zilikuwepo lebo hizi: 2.1, v2.1, Toleo 2.1, 2.1 mpya, 2.1 mpya kabisa, na moja iliyoandikwa "ile ya Jumanne".

"Bi Anastazia," akasema, "hapo unaona matoleo mangapi?"

Nikahesabu nikamwambia sita.

"Ni mawili."

"Yapi?"

Akapuliza chai. "Basi hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa."

Ilinichukua majuma kadhaa, kupiga simu zahanati moja baada ya nyingine, kumwomba kila muuguzi awashe kompyuta na anisomee namba iliyo chini kwenye kona ya skrini. Wengine walinisomea saa. Mmoja alinisomea namba ya simu ya fundi wa sola aliyeibandika pale. Lakini tulifika, na lebo sita zikawa mbili, na nilijisikia kama mtu aliyepanga vyombo vya nyumba ya bibi harusi. Bwana Hamadi alinipa sheria moja tu, nayo niliishika hadi mwisho: usiandike unachodhani wanacho, andika kinachoonekana kwenye skrini yao. Baadaye mtaona kwamba hata sheria hiyo ilikuja kuniangusha.

Mwaka huohuo wilaya zikagawanywa. Kakonko ikatoka Kibondo, Buhigwe ikatoka Kasulu. Wakubwa walifanya sherehe. Mimi nilibaki na tiketi ambazo zimelala Kibondo zikaamka Kakonko. Muuguzi wa Muyama alikataa katakata kuitwa wa Kasulu tena na muuguzi wa zahanati ya jirani alikataa kuitwa wa Buhigwe. Nilijifunza hapo kwamba watu wanaweza kuvumilia programu mbovu kwa mwaka mzima, lakini siyo jina lisilo lao.

Sasa nimlete Nyandwi. Huyu ndiye alikuwa fundi wetu wa njiani, na jina lake tu linamwambia mtu wa huku kwamba alizaliwa wa saba kwao. Angefuatwa na mdogo, huyo angeitwa Minani, wa nane. Ndivyo tulivyo Waha: mtoto unamtaja na papo hapo watu wanajua amefuata wangapi. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo toleo jipya lilishushwa Kasulu, likachomwa kwenye CD, na Nyandwi akazifunga kwenye begi lisiloingia maji na kuzisambaza kwa pikipiki. Alikuwa mcheshi, anapenda kula, na kila zahanati alijua siku wanayopika maharage.

Mwaka 2013 likaja toleo 2.4. Asubuhi tulilishusha, tukachoma CD za upande wa juu, Kibondo na Kakonko. Mchana Kelvin, kijana wa Dar aliyekuwa akiitengeneza Stoo, akanipigia simu. Kumbe ndani ya toleo la asubuhi kulikuwa na hitilafu: umeme ukikatika wakati unahifadhi mapokezi ya dawa, Stoo ikiwaka tena inayahifadhi mara ya pili. Makasha kumi yanakuwa ishirini. Alikuwa ameshalirekebisha, ameweka jingine pale pale, tulishushe upya.

"Namba yake?" nikauliza.

"Ileile, Mama, 2.4. Ishu yenyewe ndogo, haistahili namba mpya. Haina noma."

Nilimwambia ina noma. Bwana Hamadi naye alimwandikia. Namba haikubadilika. Tukachoma CD nyingine kwa ajili ya Kasulu na Buhigwe, na Nyandwi, akiziangalia zile mbili mezani, zimetoka siku moja, zina namba moja, sura moja, akacheka. "Mama, hawa ni mapacha." Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye za asubuhi Bukuru, na kwenye za mchana Butoyi. Huku hakuna asiyejua hilo: wa kwanza kutoka ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Na mtoto atakayezaliwa baada ya mapacha, jina lake liko tayari kabla hajatungwa mimba: Chiza.

Kwenye orodha nikaandika 2.4 Bukuru na 2.4 Butoyi. Haikuwa nadhifu lakini ilikuwa kweli. CD tupu zilikuwa zimeisha na upande wa juu ulikuwa ukisubiri, kwa hiyo Bukuru waliondoka hivyohivyo; mpango ukawa kwamba Nyandwi atarudi huko kuwapelekea Butoyi, kila mwenye Bukuru apate na mwenzake. Wauguzi waliupenda mchezo ule kuliko tulivyotarajia. Walikuwa wakipiga simu, wananiamkia kwa Kiha: "Mwakeye, Mama, Bukuru analia tena." Nami nafungua tiketi.

Halafu mama yangu akafariki. Nilikwenda Muyama kumzika na nikakaa matanga, kichwa changu hakikuwa na lebo yoyote. Niliporudi nilikuta orodha inang'aa. Makao makuu walitaka ripoti safi, na Kelvin alikuwa amekusanya 2.4, v2.4, 2.4 Bukuru, 2.4 Butoyi na makandokando yake yote, akavifanya lebo moja: 2.4. Watu wa Dar walimpongeza kwa barua pepe yenye nakala kwa kila mtu. Nyandwi naye aliambiwa safari ya upande wa juu haina haja tena, maana kwa mujibu wa orodha zahanati zote zina 2.4, na hitilafu ya makasha kujirudia imefungwa katika 2.4. Ukiisoma sentensi ile utaona haina uongo hata neno moja. Ndiyo maana bado inaniudhi.

Nililalamika, nikajibiwa kwamba lebo zinatakiwa kufanana. Nilikubali kwamba zinatakiwa kufanana. Nilishindwa kuwaeleza watu ambao hawajawahi kuiona barabara ya Kakonko kwamba vitu viwili havifanani kwa sababu umeviandika sawa. Baadaye likaja toleo 2.5, Nyandwi akaandika Chiza kwenye CD zake na kuzisambaza, maisha yakaendelea.

Mwanzoni mwa 2014 nilipigiwa simu na Yustina. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ndogo njia ya Gwarama, peke yake na mhudumu mmoja. Kuzalisha yeye, chanjo yeye, stoo ya dawa yeye. Alikuwa na watoto wawili na mume aliyekwenda machimboni asirudi. Wiki chache kabla alikuwa ameniambia Stoo inamwonyesha makasha mengi kuliko aliyonayo, hasa ya dawa mseto, ile ya malaria. Nilifungua tiketi. Kelvin aliifunga kwa mistari miwili: hitilafu hiyo ilitengenezwa katika 2.4, zahanati hiyo ina 2.4. Kwenye sehemu ya sababu akachagua "Kosa la mtumiaji".

Mistari ile ilisomwa na msimamizi wa zahanati zetu, Bwana Lazaro. Programu haina kosa, makasha hayapo, anayeshika funguo ni mtu mmoja. Alikwenda, akahesabu rafu, akamwambia Yustina pale barazani, mbele ya kina mama waliokuja kupima watoto, kwamba dawa za malaria hazina miguu. Alimpa hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo kazi hana na polisi wataitwa.

"Mama," Yustina akasema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kulia, "mimi sijachukua hata kidonge. Watu hapa wameanza kunikwepa sokoni."

"Mwanangu, washa kompyuta. Nisomee kile cha kwenye kona."

"2.4."

Nilifanya kama Bwana Hamadi alivyonifundisha, na skrini ilikuwa upande wa msimamizi. Nikamuuliza, bila matumaini makubwa, kwa nini mpaka leo yuko 2.4, wenzake wote wako 2.5. Nyandwi hakumletea CD?

"Alileta. Alinikuta kliniki, akamwachia mhudumu. Chiza, si ndiyo? Yupo kwenye droo."

"Kwenye droo anafanya nini?"

"Anamsubiri Butoyi." Alisema kama anayeona nimeuliza swali la mgeni. "Mama, Chiza atakujaje na Butoyi hajafika? Nilisema watakuwa wamekosea mfuatano, nisije nikaharibu. Hapa nina Bukuru tu."

Nilitaka kucheka na machozi yakawahi. Yule mwanamke alikuwa amekaa na dawa ya ugonjwa wake ndani ya droo, kwa sababu kwao na kwetu hakuna nyumba ambayo Chiza amezaliwa kabla pacha wa pili hajatoka. Na papo hapo alikuwa amenipa neno ambalo orodha yetu safi ilikuwa imelifuta. Ana Bukuru. Ana ile ya asubuhi.

Sasa jina la utani la CD siyo ushahidi. Bwana Lazaro niliyempigia alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bi Anastazia, mimi sina ugomvi na Yustina wala na mapacha. Nina ugomvi na makasha." Nikamwomba kitu kimoja, kwamba Ijumaa hiyo, kabla hajaamua, anipe muda mfupi mbele ya ile kompyuta. Akakubali. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mtu mbaya.

Bwana Hamadi alibaki kushika simu. Mimi na Nyandwi tuliondoka Kasulu Alhamisi kwa basi hadi Kibondo, tukalala kwa dada yake, ambaye alitulisha kana kwamba tunakwenda vitani. Nyandwi hakuwa na utani njia nzima. Alirudia tu, "Orodha ilisema wanayo, Mama. Ningejua ningepita hata kwa miguu." Nilimwambia ale.

Ijumaa tulipofika zahanati tulimkuta Yustina amevaa sare iliyopigwa pasi kwa makini sana. Tulisalimiana, hatukukumbatiana, maana Bwana Lazaro alikuwa ameshafika na kukaa stoo, mbele ya kompyuta. Nilitunza kwanza nakala ya kumbukumbu zote za kompyuta, hilo nawasihi msisahau kamwe, halafu nikamwomba Yustina kasha moja la glavu. Nikampa Bwana Lazaro alishike. Nikamwambia Yustina alipokee kwenye Stoo kama mzigo mpya: glavu, kasha moja.

"Bonyeza Hifadhi," nikasema. "Nyandwi, chomoa."

Nyandwi akachomoa waya wa sola. Skrini ikawa nyeusi. Tukasubiri, tukarudisha, mashine ikaguna na kuwaka kwa mwendo wake wa kizee. Yustina akafungua ukurasa wa mapokezi ya siku. Glavu, kasha moja. Chini yake, glavu, kasha moja.

Bwana Lazaro akatazama skrini, akatazama kasha mkononi mwake. "La pili liko wapi?"

"Hilo ndilo ninaloulizwa mimi tangu mwezi uliopita," Yustina akasema.

Akataka kuchomoa yeye mwenyewe. Alichomoa mara ya pili, na ya tatu, na kila mara Stoo ilimzalia kasha jingine la glavu, huku lile moja likiwa limebanwa kwapani mwake. Halafu tukamtoa Chiza kwenye droo. Nilimwomba Yustina radhi kwa niaba ya wazee kwa kumruka Butoyi, nikamweka Chiza kwenye kompyuta. Tukachomoa tena waya. Kasha likabaki moja. Muda wote uliobaki tulipitia mapokezi ya majira ya mvua, sola inapozimika ovyo, yale yaliyojirudia tukayaondoa, na ilipofika alasiri kompyuta na rafu zilisema kitu kimoja.

Bwana Lazaro akasimama. "Dada Yustina, nakuomba unisamehe."

"Nimekusamehe," Yustina akajibu. "Lakini wewe ulinisemea barazani, bosi. Msamaha unaniombea stoo?"

Nilidhani atakasirika. Alichukua kofia yake, akatoka barazani, na mbele ya kina mama waliokuwa wamebaki, na mzee mmoja aliyekuja kufunga kidonda, akasema kwamba dawa hazikupotea, kwamba kosa lilikuwa la kompyuta za ofisi, na kwamba muuguzi wao ni mwaminifu. Mama mmoja akauliza kama sasa watoto wanaweza kupimwa. Yustina akaenda kupima watoto.

Jioni akitusindikiza barabarani alinishika mkono. "Mama, na kule kwenye orodha yenu nimeandikwaje?"

Sikutaka kumjibu, lakini nilimjibu. "Kosa la mtumiaji."

"Na atakayeingia kesho, asiyenijua, atasoma hivyo?"

"Ego," nikasema. Ndiyo, mwanangu, atasoma hivyo.

Akauachia mkono wangu, akarudi zahanati. Nimefanya kazi na watu wengi wanaojua kupaza sauti, na hakuna aliyewahi kunipa amri kubwa kama ile.

Tulipofika Kasulu nilimwita Kelvin kwenye simu, nikaweka sauti ya nje Bwana Hamadi asikie. Nilimweleza kila kitu taratibu. Kijana wa watu akasema, "Mama, ningemfungisha mtu." Hakujitetea, na tangu siku hiyo nilimpenda. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika utaratibu mnaoutumia mpaka leo. Kitu kikibadilika hata herufi, namba ibadilike. Lebo mbili zisiunganishwe mpaka mtu aende, au apige simu, athibitishe kwamba ni kitu kimoja. Tiketi isifungwe kwa sababu toleo limetoka, ifungwe likiwa limefika. Na jina la utani, kama watu wamelipa toleo jina, liandikwe kwenye maelezo, kwa sababu hilo ndilo watakalokutajia wakiwa na shida. Mimi niliongeza moja, kwamba kila CD inapoondoka Kasulu muuguzi apigiwe simu na aambiwe inafuata baada ya ipi, asije akamsubiri ndugu asiyekuja.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kawaida, namna kazi nzuri inavyotakiwa kuwa. Bwana Hamadi alitangulia kustaafu, akafungua kibanda cha kuchaji simu na bado anapuliza chai. Nyandwi amepata mtoto, msichana, na hakuzaliwa pacha, ingawa ofisi nzima ilikuwa imeweka dau. Yustina yuko palepale. Akinipigia simu siku hizi ni kunijulia hali, na mara moja kuniuliza kama namfahamu mtu anayeuza mashine ya kusaga.

Siku yangu ya mwisho nilipitia orodha yote kabla ya kukabidhi. Ni safi. Matoleo yamepangana, namba moja kitu kimoja, na ninaona fahari kuisema hiyo. Lakini mtakuta tiketi moja ya zahanati ya njia ya Gwarama ambayo haifanani na nyingine. Niliifungua upya wiki ileile tuliyorudi. Kwenye sababu nimefuta yale maneno na kuweka "Kosa la programu". Kwenye toleo pameandikwa 2.4 Bukuru. Makao makuu wameshaniuliza kuhusu lebo hiyo zaidi ya mara moja, kwamba inaharibu ripoti, na kila mara niliwajibu kwamba nitaiangalia. Niliiangalia kweli, kila mara, nikaiacha. Yustina alipokuja Kasulu kwenye semina nilimfungulia akaisoma mwenyewe, kwa sauti, mara mbili, halafu akaniomba maji ya kunywa.

Sasa orodha iko mikononi mwenu. Zilizobaki zote zifananisheni mpaka mchoke. Ile moja msiiguse.